Prado 95 na vyuma vya mtumba: kuliandaa gari la kawaida kwa safari za Ziwa Natron na Loliondo

Mji wa Arusha una neema moja ambayo wenye magari ya kawaida hawaitumii vya kutosha. Kampuni za utalii hutumia Land Cruiser kwa miaka mingi kwenye barabara za mawe na vumbi, kisha huliuza gari zima au hubadilisha vifaa vyake kabla msimu haujaanza, na kinachotolewa hakitupwi. Ngao za mbele, keria, winchi, jeki ndefu, ndoano za kuvutia, matangi ya ziada na springi nzito huishia kwenye gereji na vibanda vya Unga Limited, ambako hukaa vikisubiri mtu anayejua anachotafuta. Ukiongeza na magari yaliyopata ajali ambayo huuzwa vipande vipande, pamoja na spea zinazopanda kutoka Gerezani, Dar es Salaam, unapata soko ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuliandalia gari lake kwa safari ngumu bila kununua kifaa hata kimoja cha kuagiza Australia.

Gari langu ni Toyota Land Cruiser Prado 95 la dizeli, lililoingia nchini likiwa mtumba kutoka Japani, na lengo langu tangu mwanzo lilikuwa moja: liweze kutoka Mto wa Mbu, lipite Engaruka na Ngare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, lipande ukingo wa Bonde la Ufa hadi Wasso na Loliondo, kisha lirudi, likiwa limebeba watu wanne, maji, mafuta na chakula. Ni njia yenye kila kitu. Kuna mawe makali ya volkeno, kuna korongo za mchanga ambazo hugeuka mito mvua inaponyesha juu mlimani, kuna udongo mweusi wa mbugani unaonata hadi gurudumu linakuwa duara la tope lisilo na meno, na kuna vumbi laini linalopenya kila tundu. Nimeliandaa kwa vyuma vya mtumba karibu vyote, na kazi hiyo imenipa kanuni moja ninayoiamini kwa dhati: kifaa ambacho hali yake unaweza kuipima kwa macho, kwa mkono au kwa tepu, kinunue kikiwa kimetumika bila wasiwasi, kifaa ambacho uchakavu wake umejificha ndani, nunua kipya au kiache.

Kabla ya kuingia sokoni, ni lazima kujua gari lenyewe lina nini tayari. Prado za kizazi hiki, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2002, zina chesisi ya vyuma viwili vya urefu, ekseli nzima ya nyuma yenye springi za koili, na mbele kila gurudumu linajitegemea kwa mikono yake ya juu na chini. Nguvu huenda kwenye magurudumu yote manne wakati wote, na kuna difu ya kati, yaani seti ya meno inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambayo dereva anaweza kuifunga, pamoja na gia za chini za kupandia na kushukia. Huo ni msingi imara sana. Toyota Hilux Surf 185 ya miaka hiyo hiyo ni ndugu yake wa karibu, na vyuma vingi vya chini vinaingiliana, jambo linaloongeza maradufu idadi ya magari ya ajali unayoweza kuyachungulia.

Kinyume chake, Land Cruiser za utalii ambazo zimejaa Arusha ni za familia ya 70, na hapa wengi hupoteza fedha. Ringi za Prado hufungwa kwa bolti 6 zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, wakati zile za Land Cruiser 70 zilizotoka kuanzia 1999, sawa na za Land Cruiser 100, zina bolti 5 kwenye duara la milimita 150. Haziingii, na hakuna fundi mwaminifu atakayekwambia azichonge ziingie. Springi zake pia ni za gari jingine, na snokeli yake, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, imeumbwa kwa ajili ya bodi nyingine. Kutoka kwenye magari ya utalii, mwenye Prado achukue vile visivyojali umbo la gari: winchi, jeki, ndoano, keria inayoweza kukatwa na kuchomelewa upya, na mabano ya kubebea madumu. Vya sespensheni na ekseli avitafute kwenye Prado na Surf.

Kazi ya kwanza haikuwa kuongeza chochote. Ilikuwa kuhakikisha kilichopo ni kizima, na kwenye Prado 95 hilo linaanzia kwenye boljointi ya chini ya mbele, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake wa chini. Ninaomba msomaji mwenye gari hili alichukulie jambo hili kwa uzito wote. Kwenye magari mengi uzito wa gari huikandamiza boljointi, kwa hiyo hata ikichakaa hubaki mahali pake. Kwenye Prado hii, uzito huivuta, kana kwamba unataka kuchomoa kichwa cha duara kutoka kwenye kikombe chake. Siku kikichomoka, gurudumu hukunjika na kulala chini ya fenda, na gari hupiga pua barabarani. Dalili huwa ndogo: mlio mkavu unapokata usukani ukiwa umesimama, tairi kuliwa upande mmoja, au mchezo mdogo unaousikia mkononi unapotingisha gurudumu lililonyanyuliwa huku nondo ikilisukuma kutoka chini. Mpira wa kufunika grisi ukipasuka, vumbi la Natron huingia na kufanya kazi ya msasa. Boljointi ya mtumba inaweza kung'aa kwa nje na ndani ikawa imekwisha, na hakuna kipimo cha kibandani kitakachokuonyesha. Hiki ni kifaa cha kununua kipya, cha daraja la juu kabisa unaloweza kulimudu, pamoja na zile bolti zake 4 kila upande.

Springi ni habari tofauti kabisa, na ndizo zilizonifurahisha zaidi katika kazi hii nzima. Koili ya chuma haina siri. Nilipata seti ya springi nzito zilizotoka kwenye Prado iliyopinduka, gari ambalo mwenyewe alikuwa ameliandaa kwa safari ndefu. Nilizisimamisha sakafuni mbili mbili, nikapima urefu wake zikiwa huru, nikapima unene wa waya kwa venia juu, katikati na chini, kisha nikazipangusa kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana. Springi mbili za ekseli moja zinapaswa kulingana kwa urefu. Tofauti ya milimita 2 au 3 inaweza kuwa ya kiwandani, kwa sababu wapo wanaotengeneza ya upande wa dereva ndefu kidogo, lakini tofauti ya sentimita nzima maana yake moja imechoka. Kutu ya juu juu si tatizo. Tatizo ni vishimo vya kutu, hasa kwenye mzunguko wa mwisho unaokaa kwenye kikombe ambako mchanga hujikusanya, kwa sababu springi huanza kukatika kwenye kishimo. Kingine cha kutazama ni alama ya joto: springi iliyowahi kupashwa moto ili ishuke au inyooshwe huwa na rangi ya bluu au ya zambarau mahali fulani chini ya rangi ya juu, na hiyo haifai hata kwa bure, kwani moto umeua ugumu wake.

Kwa springi hizo gari lilipanda kama milimita 50, nami nilisimama hapo. Wapo wanaotaka zaidi, na picha za magari marefu zinavutia kweli, lakini kwenye sespensheni ya mbele inayojitegemea kila milimita unayopandisha huongeza pembe ya shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni. Kupita milimita 50, sivijointi, yaani viungo vya shafti hizo, hufanya kazi zikiwa zimepinda sana, mipira yake hukunjika na kupasuka, na mkono wa juu hukaribia mwisho wa mwendo wake, hivyo gurudumu likidondoka shimoni halina pa kwenda. Baada ya kupandisha ni lazima alaimenti ipimwe na kurekebishwa. Vilevile, iwapo gari lina ile valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti, kijiti hicho nacho kirekebishwe: valvu hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli, na gari likishapandishwa, yenyewe hudhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma wakati ambao unazihitaji kuliko wakati wowote. Jambo la mwisho kuhusu springi za mbele ni usalama wa fundi. Koili ya mbele imezunguka shokapu ikiwa imebanwa kwa nguvu kubwa, na kuifungua bila vibanio vyake maalumu kumewavunja watu taya. Usimruhusu mtu aifungue kwa kamba na bahati.

Shokapu nilinunua mpya. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka ina mawimbi kama bati sehemu nyingi, na kila wimbi huipiga shokapu, oili ndani yake huchemka, sili huchoka, gesi hutoka. Unaweza kuisukuma kwa mkono dukani ikarudi vizuri, kisha ikafa ikiwa ya moto baada ya saa moja ya mwendo. Hicho ndicho ninachokiita uchakavu uliojificha. Bushi zote za mpira nazo nilibadilisha kwa mpya wakati vyuma vimefunguliwa, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile na gharama ya bushi ni ndogo.

Kuhusu tairi nitasema machache. Nilitoka kwenye 265/70R16 nikaenda 265/75R16, ambayo kwa hesabu ina kipenyo cha milimita 804 badala ya 777, kwa hiyo gari lilipata milimita 13 nyingine chini ya difu, na difu ndiyo sehemu ambayo springi haziwezi kuinyanyua hata kidogo. Spidomita nayo ilianza kusoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3 ikilinganishwa na awali. Ringi zangu ni za chuma za mtumba, nilizozungusha kwenye habu huku nimeweka ncha ya penseli karibu na ukingo ili nione kama zimepinda. Tairi zenyewe sikununua zilizotumika, na kila nilipoonyeshwa tairi niliangalia zile tarakimu 4 za ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, maana mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Kwenye mchanga ninapunguza upepo hadi kati ya PSI 18 na 22, na pampu ndogo ya kujaza tena haitoki garini.

Sasa nije kwenye jambo linaloua Prado nyingi kuliko mawe yote ya Natron: joto. Injini ya 1KZ-TE, lita 3 yenye turbo, ina nguvu ya kutosha na hunywa mafuta kwa adabu, lakini silinda hedi yake ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na ikichemsha hata mara moja vibaya, hedi hupasuka. Jambo linalozidisha hatari ni kwamba mshale wa kwenye dashibodi umetengenezwa ukae katikati kwa kiwango kipana cha joto, kwa hiyo unapouona umepanda, madhara mara nyingi yamekwishatokea. Kupanda ule ukingo kutoka Ngare Sero, kwa gia ya chini, upepo ukitoka nyuma na jua la mchana likiwa limesimama, ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa injini hii: mzigo mkubwa, mwendo mdogo, hewa haipiti.

Kwa hiyo kwenye upozaji niliiweka kanuni yangu kwenye mizani na ikanilazimisha kununua vipya zaidi kuliko nilivyotaka. Rejeta ya mtumba ina matangi ya plastiki ambayo umri umeyafanya yavunjike kama biskuti, na mabomba yake ya ndani yanaweza kuwa yamejaa ukoko usiouona. Kwenye gari lenye gia za kujiendesha kuna hatari nyingine kubwa zaidi: kipozeo cha oili ya giaboksi kiko ndani ya tangi la chini la rejeta hiyo hiyo, na kikitoboka, maji na oili huchanganyika, giaboksi ikafa bila kelele yoyote. Nilifunga rejeta mpya, thamostati mpya na mipira mipya, na oili ya giaboksi nikaiwekea kipozeo chake cha pembeni mbele ya rejeta. Hata hicho sikukichukua cha mtumba, kwa sababu kipozeo kilichotoka kwenye gari lililoua giaboksi hubeba chembe za chuma ndani ya mabomba yake membamba, na hakuna dawa inayozitoa zote. Cha mtumba kilikuwa feni ya viskasi, yaani yenye kiungo cha oili nzito katikati, ambayo unaweza kuijaribu: ikiwa ya baridi inapaswa kutoa ukinzani wa wastani ukiizungusha kwa mkono, isiwe imeganda wala isizunguke huru kama pangaboi, na isiwe na alama za oili zilizotapakaa kutoka katikati. Kisha nikaongeza kipimo cha joto chenye kengele, kinachosoma moja kwa moja kutoka kwenye hedi. Kwa fedha kidogo iliyotumika, hakuna kifaa kingine garini kilichonipa utulivu wa moyo kama hicho.

Snokeli nilipata kwenye Prado ile ile iliyotoa springi. Wengi huifikiria kwa ajili ya mito, lakini faida yake ya kila siku ni vumbi: kichwa chake kiko juu, kwenye hewa safi zaidi, na filta hudumu muda mrefu zaidi kabla ya kusafishwa. Hata hivyo snokeli iliyofungwa vibaya haina maana. Kila kiungo kuanzia kichwani hadi kwenye boksi la filta lazima kizibwe, na kule chini ya boksi kuna tundu la kutolea maji ambalo hugeuka mlango wa kuingizia maji gari likiwa mtoni. Tena, snokeli peke yake haiwezi kulivusha gari. Ekseli, giaboksi na boksi la kugawa nguvu vina vipumulio, yaani vitundu vya kupitishia hewa. Ekseli iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, na wiki chache baadaye unafungua difu unakuta oili imegeuka nyeupe na beringi zimeanza kuota kutu. Nilipandisha vipumulio vyote hadi juu ya injini kwa mpira mpya wa mafuta wa milimita 8. Ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo kuliko ya tangi moja la dizeli.

Sampu gadi, yaani bamba la kukinga injini kwa chini, nilitengenezewa kwa bati la milimita 4 lililotoka kwenye bodi ya lori chakavu. Kabla ya kumkabidhi fundi wa kuchomelea nilipiga hesabu, nami nawasihi wengine wafanye hivyo kwa kila kipande: chuma cha unene huo kina uzito wa kilo 31 na kitu kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kipande cha sentimita 90 kwa 70 ni karibu kilo 20. Ongeza ngao ya mbele, winchi, keria, betri ya pili, lita 40 za maji na dumu mbili za dizeli, na ghafla umeongeza uzito wa watu watatu kabla hata mtu mmoja hajapanda. Ndiyo sababu nilikataa ngao kubwa ya mabomba mazito niliyopewa kwa bei nzuri sana. Ilikuwa imara, lakini ingekaa mbele kabisa ya springi na kuzilaza. Sampu gadi yangu ina matundu ya kumwagia oili na ya kupitisha hewa, na inafungwa kwa bolti ili fundi aweze kuishusha, kwa kuwa bamba lililochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi ni adui wa kila matengenezo yanayofuata.

Ndoano za kuvutia zinahitaji ukali uleule. Nilichukua ndoano za kiwandani za gari lililovunjwa, nikazisugua na kuzikagua kwa kioo cha kukuzia kama zina nyufa, nikazifunga kwenye chesisi kwa bolti mpya zenye alama ya 8.8 kichwani. Pete iliyochomelewa na fundi wa mtaani haifai kwa kazi hiyo, na kile kichwa cha duara cha kuvutia tela hakifai kabisa: mkanda ukivutwa kwa nguvu na kichwa kikakatika, huruka kama risasi na kimeshaua watu katika nchi nyingi.

Kifaa cha mtumba nilichokitafuta kwa muda mrefu zaidi ni ekseli ya nyuma yenye loki. Baadhi ya Prado na Surf zilitoka kiwandani na difu ya nyuma inayofungwa kwa mota ndogo ya umeme, na tofauti inayoleta kwenye udongo mweusi ni kubwa sana, kwa kuwa magurudumu yote mawili ya nyuma hulazimika kusukuma hata kama moja linaelea. Kasha la ekseli yenye loki si sawa na la ekseli ya kawaida, kwa hiyo njia rahisi ni kubadilisha ekseli nzima. Hapo ndipo uwiano wa meno unapokuwa wa lazima. Prado 95 zilitoka na uwiano tofauti kulingana na injini na giaboksi, na kwa kuwa gari hili husukuma mbele na nyuma wakati wote, difu mbili zisizolingana zingesaga difu ya kati siku nzima, na ukiifunga hiyo ya kati, kitu kitavunjika.

Muuzaji aliniapia kwamba ilitoka kwenye gari kama langu. Nilimwomba radhi nikamwambia tuhesabu. Ekseli ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili. Kijana wa gereji alishika habu ya kushoto isizunguke, mimi nikachora mstari wa chaki kwenye habu ya kulia na mwingine kwenye flenji ya propela shafti. Nilizungusha habu mara 20 kamili huku mzee mwenye kibanda akihesabu flenji kwa sauti. Upande mmoja ukishikwa, meno makubwa ya ndani huzunguka nusu ya mizunguko ya habu, yaani mara 10, kwa hiyo idadi ya mizunguko ya flenji ukiigawa kwa 10 ndiyo uwiano wenyewe. Mzee alifika 41, chaki ikasimama palepale ilipoanzia. "Haya kijana wangu, umeridhika?" aliniuliza, na nilikuwa nimeridhika, kwa sababu 4.1 ndiyo hesabu niliyokuwa nimeipata nyumbani kwenye gari langu kwa njia hiyo hiyo. Kisha tulifungua kifuniko cha oili, nikaingiza kidole, nikapaka oili kwenye karatasi nyeupe juani kutafuta chembe zinazometameta. Mwisho tuliunga betri kwenye mota ya loki tukasikia ikisogea kwenda na kurudi, kwani loki iliyokaa miaka bila kutumiwa huganda. Waya, swichi na kompyuta yake ndogo nilivichukua kutoka kwenye gari hilo hilo. Sili na breki niliweka mpya.

Winchi nitaieleza kwa ufupi. Kwa gari ambalo likiwa na mzigo linakaribia tani 2.4, kanuni ya mara moja na nusu inadai nguvu ya tani 3.6, ambayo ni ile inayoandikwa 8,000 kwa paundi. Ya mtumba ina mota na gia unazoweza kuzifungua na kuziona, lakini waya wa chuma ulionyong'onyea utupwe bila huruma, na swichi zake nzito za umeme zibadilishwe, maana zikiungana huku kebo inavutwa huwezi kuizima.

Kuhusu uhalali, kila kifaa kikubwa nilichonunua kina risiti yenye jina la muuzaji na namba ya gari kilikotoka. Spea za wizi zipo, na anayezinunua anaufanya usiku wa jirani yake usiwe salama. Kwa atakayebadilisha injini, akumbuke kwamba namba yake imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko hayo yapelekwe TRA kabla gari halijaingia barabarani. Mabadiliko ya uzito na urefu nayo ni vema bima iyajue.

Kazi ikishakamilika, gari haliko tayari bado. Bolti zote nilizozigusa nilizipiga mstari wa rangi nyeupe unaopita kwenye kichwa cha bolti na kwenye chuma kinachoshikwa, ili ikilegea hata robo mzunguko mstari ukatike na jicho lione bila spana. Baada ya safari ya kwanza hadi Engaruka nililaza turubai chini ya gari na kupita moja moja kwa tochi. Za sespensheni zilikuwa palepale. Mbili za sampu gadi zilikuwa zimesogea kidogo, na za keria zilikuwa zimelegea karibu zote, kwa sababu mtikisiko huongezeka kadiri unavyopanda juu. Za sampu gadi nilizikaza upya, na za keria nimezibadilisha kwa nati zenye pete ya plastiki ndani na kuziwekea washa pana, na dumu za dizeli nimezishusha kutoka juu nikaziweka nyuma ya ekseli, ndani ya fremu iliyofungwa kwenye chesisi.